Mwalimu wa Afande Babra

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Wiki ya tatu Kampala. Hakuna aliyenishukuru bado.

Nilipopata ufadhili wa kuja kusoma takwimu huku, mjomba aliniambia pale Tabora kwamba Kiswahili changu kitanifungulia milango. Leo nimekwenda Nakivubo kutafuta viatu. Nimemsalimu muuzaji kwa adabu zote, nikamwuliza habari za biashara, nikamwomba anionyeshe vile vyeusi. Akasimama wima. Akanionyesha leseni. Nikamweleza kwamba shida yangu ni viatu. Akanionyesha na kitambulisho cha mkewe. Jirani yake akaanza kufunga duka.

Blaise, tunayekaa naye chumba kimoja, amecheka mpaka akakaa sakafuni. Anatoka Bukavu, anasomea unesi. Anasema huku Kiswahili kilikuwa lugha ya askari miaka mingi, na mtu akikisikia kimenyooka namna ile anajua amekuja kukamatwa.

"Weye ongea polepole," ameniambia. "Na ucheke kidogo."

Nicheke. Mimi, niliyepata A ya Kiswahili kidato cha nne, nipewe ushauri na mtu anayesema "kitabu yangu".

Viatu sijanunua.

Jumapili, 7 Septemba 2025

Dharau, tena mezani.

Tunapanga kwa Mama Akullo, Old Kampala, chini ya msikiti mkubwa. Ni mjane wa sajenti wa polisi, mwenyeji wa Lira. Kiswahili chake alikipata kambini, na hakuna ngeli iliyotoka humo hai. Binti yake, Babra, ni askari wa trafiki. Anataka kwenda kozi ya polisi Tanzania, miezi sita, na akirudi atapandishwa cheo. Lakini kwanza kuna usaili wa mdomo, kwa Kiswahili, mwezi ujao. Mwaka jana alishindwa. Alinyamaza mbele ya wasaili mpaka wakamwomba atoke.

Basi leo, katikati ya chakula, Mama akageuka. "Blaise, wewe nafundisha huyu mtoto yangu Kiswahili."

Blaise. Na mimi nimekaa hapo hapo, kijiko mkononi.

Nimesema, kwa utulivu, kwamba kumwomba Mkongo Kiswahili mbele ya Mtanzania ni sawa na kwenda kuchota maji kwa jirani ilhali una kisima uani. 

"Kiswahili yako iko ya redio," Mama akasema. "Naongea, naongea, hapana angalia nani nasikia."

Blaise akadai ana mazoezi hospitalini na akanipisha. Amenipisha upesi mno, jambo ambalo nalo limenikera. Babra akasema, "Haya, mwalimu."

Neno hilo nimelirudia chumbani. Blaise akauliza nazungumza na nani.

Jumatano, 17 Septemba 2025

Somo la kwanza: ngeli. Somo la pili: ngeli. Somo la tatu mwanafunzi amelala.

Najua amesimama juani tangu asubuhi akipigiwa honi na mji mzima. Lakini mtu hulalaje katikati ya KI-VI? Nimeendelea kufundisha kwa sauti ya chini ili nisimwamshe.

Ubaya zaidi ni Blaise. Jumamosi alimchukua Babra mpaka Kamwokya, kwa Perpétue, Mkongo anayeuza vitenge, wakakaa dukani kupiga soga mchana kutwa. Soga tu. Hakuna ubao, hakuna zoezi. Babra amerudi anacheka na kusema "vitenge mingi". Kazi yangu yote imechafuliwa kwa siku moja.

Nimetoa amri. Babra asiseme neno lolote la Kiswahili, popote, mpaka aweze kulisema bila kosa.

Ijumaa, 26 Septemba 2025

Amri imefaulu kupita matarajio. Tangu siku ile Babra hajafanya kosa hata moja.

Hajasema kitu, kweli. Lakini mwanzo ndio huo.

Jioni Mama ameanza kumchemshia tangawizi, akidhani koo limeharibika. Babra akamweleza kwa Kilango, lugha ya kwao Lira. Sikuelewa ila jina langu, ambalo lilitajwa mara nyingi na si kwa upole. Mama akaja mlangoni kwangu na mwiko bado unachuruzika mchuzi. Kwa maneno yake, mtoto alinyamaza mwaka jana mbele ya wakubwa, sasa nimemfundisha kunyamaza mpaka nyumbani.

Amri imefutwa. Chakula cha leo kilikuwa malakwang, zile mboga chachu za karanga ninazozipenda. Nimepewa za chini ya sufuria. Blaise amepewa mara mbili.

Hivi ndivyo anavyolipwa mtu anayejitolea.

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Dokta Abwola, mhadhiri wetu wa takwimu, ametangaza mtihani wa katikati ya muhula. Jumanne ijayo, saa nne asubuhi. Amenitazama mimi aliposema kwamba wenye ufadhili wakumbuke masharti yao. Masharti nayajua. Ukianguka, unarudi kwenu.

Usaili wa Babra ni Jumanne hiyo hiyo, saa mbili.

Blaise amenishauri nikae nisome. Babra naye amesema, kwa heshima, kwamba hahitaji kusindikizwa. Wote wawili hawaoni mbali. Msichana alinyamaza mwaka jana kwa sababu hakuwa na mtu wa kumkumbusha maneno. Mwaka huu atakuwa naye. Chumba cha usaili kiko ghorofa ya chini, kina dirisha, na nje ya dirisha kuna bustani ya maua. Nimeshaenda kukagua. Nitasimama hapo na kumwonyesha maneno kwa mikono. "Tawanyikeni" ni rahisi. "Ushahidi" bado unanisumbua.

Saa nne nitakuwa kwenye mtihani. Nimepiga hesabu, na hesabu ndiyo fani yangu.

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Naandika kwa hasira, mwandiko usamehewe.

Nimefika mapema, nimeingia kwenye maua. Babra alikuwa ndani, mgongo wake dirishani. Kwa hiyo alikuwa hanioni. Wasaili ndio walioniona. Nilikuwa nimeanza "tawanyikeni", mikono yote miwili, wakati mtu aliponishika ukosi.

Mlinzi, Afande Ochan. Akauliza natafuta nini. Jibu lingekuwa neno moja. Lakini nikaona afadhali aelewe jambo zima tangu mzizi wake, nikaanza na hali ya lugha katika Afrika Mashariki. Akanisikiliza kidogo, kisha akamwita mwenzake.

"Huyu naongea kama serikali," akamwambia. "Lakini iko ndani ya maua."

Wameniweka kwenye benchi mpaka mchana. Nimewaambia nina mtihani. Wakasema kila mtu anayekamatwa ana mtihani. Nimefika chuoni watu wakitoka ukumbini wakilinganisha majibu.

Dokta Abwola alikuwa anafunga mlango. Alinisikiliza nusu, akanyanyua mkono. Jumatatu saa mbili asubuhi, ofisini kwake, mtihani wa marudio, mimi peke yangu. Nisipotokea, anawaandikia wafadhili siku hiyo hiyo.

Na Babra aliponiona getini, nimekaa benchi, majani kwenye nywele, alifanya nini? Alipita kama hanijui.

Jumatano, 15 Oktoba 2025

Amefaulu! Wa kwanza katika kundi lake.

Mama amechinja kuku. Babra ametueleza yote mezani. Msaili mmoja aliigiza mgeni aliyepoteza begi stendi. Kila askari aliyeingia alitakiwa amsaidie. Lakini yule mgeni alikuwa mkali. Ukimwuliza kuhusu begi, anakusahihisha Kiswahili. Ukijaribu tena, anakueleza asili ya neno. Askari mmoja alimfokea. Mwingine alitoka anafuta machozi.

Babra alikaa kimya akimtazama usoni, akitikisa kichwa taratibu, mpaka mgeni akaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Sawa, mzee wangu. Pole sana. Sasa, begi yako iko rangi gani?"

Wasaili wote walicheka, na mkubwa wao akaandika jina lake pale pale.

Nimemwambia ni "begi lako", na kwamba ameponea chupuchupu.

Akanitazama usoni, akitikisa kichwa taratibu. "Asante, mwalimu," akasema. "Bila wewe singeweza. Nimezoea kukusikiliza."

Mama akafunika uso na kitambaa, mabega yanatikisika. Nadhani ni furaha ya mzazi. Blaise alipaliwa akatoka nje.

Sikutarajia kusifiwa waziwazi hivyo. Nimepewa paja.

Jumapili, 19 Oktoba 2025

Habari zimeenea kambini. Leo baada ya ibada wamekuja askari wawili wenzake Babra, Kidega na Aol, walioanguka juzi. Watarudia usaili mwishoni mwa mwezi, na wanataka kile alichopata Babra.

Nimewauliza waanzie wapi, ngeli au methali. Wamesema popote. Wamesema nisijisumbue kuandaa. Nije tu, nikae mbele yao, niongee, niwasahihishe, nisiwaache wamalize sentensi. Wao watavumilia. Sijawahi kukutana na wanafunzi wenye kiu ya elimu namna hii.

Nafasi waliyonayo ni moja, kesho saa mbili asubuhi, kabla ya zamu.

Blaise ameingilia, kama kawaida yake. Amenishika mabega, akaniuliza kama naelewa kwa nini Babra alifaulu. Nimemjibu naelewa sana, na kwamba wivu haumfai mtu wa hospitali. Akakaa kitandani, akashika kichwa.

Nimemwandikia Dokta Abwola ujumbe kwa simu. Kiswahili sanifu, aya tano, dua mwanzoni na methali mwishoni, nikimwomba asogeze mtihani kwa ajili ya faida ya taifa lake. Najua hajui Kiswahili. Ni wakati mzuri wa kuanza.

Amejibu sasa hivi. Alama ya kuuliza, basi.

Mtu akikataa huandika "hapana". Nimeichukua kama ruhusa. Kesho naanza na U-ZI.