Nyumba Yangu Haipitishi Upepo wa Kutosha

Jumatatu, 8 Januari

Barua imefika! Mkaguzi wa mpango wa kuziba nyumba za watu wa kipato kidogo anakuja Alhamisi. Miezi kumi na minne nimesubiri. Wataziba nyufa, watatandika sufi darini kuzuia baridi, yote bure. Imekuja wakati wake. Dada Jacinthe amenionya kwa simu: mwezi ukiisha chumba cha Mama hakina joto, anakuja kumchukua akaishi naye mjini Lewiston. Mama ana miaka themanini na moja na analala na koti na kofia. Asubuhi nikichelewa kumsikia akikohoa, nakimbilia mlangoni kwake. Sitaki aondoke.

Jumanne, 9 Januari

Hofu imeniingia. Jirani Adélard alizibiwa nyumba mwaka jana, na tangu hapo hunifungulia mlango akiwa na fulana tu, ili nione kwake kulivyo na joto. Leo ameniuliza kama nyumba yangu itafaulu. Kufaulu nini? Akaeleza kwamba wanafunga feni kubwa mlangoni, inavuta hewa, kisha wanapima upepo unaopenya. Akayatazama marobota ya majani makavu niliyoyapanga kuzunguka msingi tangu Oktoba kuzuia upepo, kama kila mtu wa bonde hili. Akasema kwa marobota hayo, ndugu yangu, feni itakuta nyumba imeshazibwa. Akaenda zake anacheka. Wakikuta imeshazibwa, si watanikataa?

Jumatano, 10 Januari

Nimeng'oa marobota yote thelathini na mawili. Yalikuwa yamegandia ardhini, nimetumia shoka. Mgongo sina. Nimechomoa na matambara ya madirishani. Mama akauliza nafanya nini. Nikasema nasafisha. Akasema marehemu baba yangu alikuwa na akili mara mbili yangu, na yeye mwenyewe hakuwa nazo nyingi. Baridi inatembea sebuleni kama mwenye nyumba. Safi kabisa. Tutavumilia usiku mmoja tu.

Alhamisi, 11 Januari

Theluji. Barabara imefungwa. Mkaguzi atakuja Jumanne. Jumanne! Nikafikiria kurudisha marobota, lakini niyarudishe leo halafu niyang'oe tena Jumatatu? Mgongo umekataa. Nimempa Mama blanketi langu.

Jumapili, 14 Januari

Nyuzi ishirini chini ya sifuri. Mfereji hautoi kitu. Nimetambaa uvunguni mwa nyumba na mashine ya Mama ya kukaushia nywele, nikayeyushe barafu bombani. Ikayeyuka. Kumbe bomba lilikuwa limeshapasuka. Mpaka nifunge maji, uvungu ulikuwa bwawa, na hewa yote ya nyumba inanuka unyevu. Mama amekula akiwa amevaa glavu. Kikohozi kimeshuka kifuani. Jacinthe alipopiga simu nikasema Mama amesinzia. Naogopa, na hakuna wa kumwambia ila daftari hili.

Jumanne, 16 Januari

Mkaguzi ni Bi. Darlene Hafford, mama mpole mwenye buti kubwa. Feni hata hakuishusha garini. Alimulika tochi uvunguni, akatoka akitikisa kichwa. Nyumba yenye maji chini hawaizibi, ukungu utaota. Faili linawekwa kando mpaka pakauke, yaani Mei. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama angekuta marobota ingekuwaje. Akasema nyumba zote za huku zina marobota, na kwenye vipimo wanayahesabu kama hayapo. Tena nyumba ya namna hii ingepita hata kwa kuitazama ukiwa barabarani. Akaniambia pia nilikuwa wa kwanza kwenye orodha kwa sababu naishi na mzee.

Ijumaa, 19 Januari

Jacinthe amekuja. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. Mama alikuwa ameshafunga mzigo wake mwenyewe. Akanishika shavu, akasema mimi si mtu mbaya, ila nawaza kupita kiasi na kichwa chenyewe hakijazoea. Nikacheka mpaka gari lilipokata kona, kisha nikalia jikoni. Nikajipikia ploye, vile vichapati vyake vya kila siku. Nikavigeuza. Ploye haigeuzwi, mtoto yeyote wa huku anajua.

Jumatatu, 22 Januari

Ofisi ya mpango imepiga simu kuhakiki waliomo nyumbani, nami nikasema ukweli. Kwa kuwa mzee ameondoka, nimeshuka mpaka nambari mia mbili na kumi na moja. Miaka mitatu! Mama hana miaka mitatu ya kusubiri.

Nimewaza asubuhi nzima. Adélard ana mjomba, Mzee Onésime, miaka themanini na sita, kiziwi, mtu wa kukaa tu. Akihamia kwangu narudi juu ya orodha, uvungu ukikauka nyumba inazibwa, Mama anarudi. Adélard amesema nimchukue hata leo, ila ana baridi yabisi, asipigwe na upepo. Nimeapa.

Chumba kiko tayari. Nimetandika kitanda vizuri, nikafungua dirisha kidogo, ofisi ikituma mtu ghafla asije akadhani tunajiweza.