Mwanya wa Vidole Vitatu Chini ya Skatingi

Nyumba ya Mfano Na. 7,
Kijiji cha Ujamaa Jikaze,
Karibu na Kidete, Kilosa.
14 Oktoba, 1975

Ndugu Theodory,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi,
Jikaze.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MWANYA ULIOPO KATI YA SAKAFU NA SKATINGI, NA HATARI YA MIMI KUACHWA NA MKE

Pokea salamu za ujenzi wa taifa. Najua mimi na wewe tunaonana kila asubuhi kwenye shamba la pamoja, na jembe langu bado liko kwako. Lakini kila nikianza kukueleza habari hii ana kwa ana unacheka mpaka unakaa chini. Ndiyo maana leo naandika, ili ucheke nikiwa mbali.

Sina ugomvi na nyumba. Siku niliyoteremka kutoka Mamboya nikakabidhiwa nyumba ya bati, vyumba viwili na sakafu ya saruji, nilitokwa na machozi mlangoni, na wewe ulikuwapo. Ugomvi wangu ni na ukuta wa kati. Ukuta huo ni wa mbao, na mbao zenyewe hazikufika chini. Palipopungua palitakiwa pazibwe na ule ubao mwembamba ambao fundi Kasian anauita skatingi. Skatingi ipo, imepigwa misumari na kupakwa rangi ya kijani. Ila haigusi sakafu. Umebaki mwanya wa vidole vitatu, kutoka pembe hadi pembe, na upande wa pili wa mwanya huo anaishi mama mkwe wangu, mama yake Raheli, ambaye Kamati ilimwandikisha katika kaya yangu kwa kuwa ni mjane.

Wewe ni mtu wa kule kule milimani. Unajua kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani wala hawali pamoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia porini. Miaka yote ya ndoa yangu nimemheshimu mama huyu kwa kumkimbia, naye amenipenda kwa kujificha, na tulikuwa tunaelewana vizuri sana. Sasa naomba usome malalamiko yangu.

1. Vitu vyangu vinahama. Kitu chochote kikinidondoka kinateleza juu ya sakafu yenu nzuri na kuingia kwa mama. Kifungo cha shati langu la kanisani kiko kule. Kitana kiko kule. Siwezi kuvifuata, na siwezi kumtuma mtu, maana ni mkwe gani anayepeleka madai ya kitana chumbani kwa mkwewe? Jumapili nimeimba kwaya shati likiwa limebanwa kwa mwiba.

2. Mkoromo wangu unapita. Mama hajalalamika, ni mtu wa adabu. Alimuuliza tu Raheli kama mashine ya kusaga ya kijiji imeshafika.

3. Miguu yake inaonekana. Hapa nilitaka ushauri: je, mguu wa mama mkwe ni mama mkwe? Mzee mmoja aliniambia chini ya kifundo hakuna lawama. Mwingine akasema hata kidole kimoja ni mtu mzima. Kwa kuwa hawakukubaliana, nimeamua kutembea ndani ya nyumba yangu nikitazama bati. Ile nundu uliyoiona kwenye kikao, ukatangaza mbele ya watu kwamba nimekunywa, ilitokana na nguzo.

4. Maneno yangu yanafika. Jioni moja nilimnong'oneza Raheli kwamba mlenda umezidi chumvi. Upande wa pili kukakoholewa. Tangu siku hiyo chakula cha nyumba hii hakina chumvi hata chembe. Ningependa kuomba radhi, lakini ili kuomba radhi lazima niseme naye, na nikisema naye itabidi niombe radhi ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza.

5. Hili ndilo linaloniumiza. Nilimwita Kasian. Alichuchumaa, akaingiza vidole, akasema mbao zililetwa kutoka Mikumi zikiwa mbichi, sasa zimekauka na kusinyaa, na si kosa la mtu. Alipoondoka nikachukua gunia, nikalikata vipande, nikaziba mwanya wote kwa mikono yangu. Nililala kwa raha. Asubuhi nikasikia kilio. Mama alikuwa amemwambia binti yake, "Mkwe wangu ameniziba kama tundu la panya." Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nililing'oa gunia lote mbio mbio, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mama amefunga mkeka wake anataka kurudi Mamboya, kwenye nyumba ambayo haina tena paa, na Raheli ameniambia waziwazi kwamba mama yake hataondoka peke yake.

Ndugu Mwenyekiti, nampenda mke wangu. Naliandika hili wazi kwa sababu uzee unakuja na sitaki kuuona peke yangu.

6. Tufikirie sasa na taifa. Ikiwa nyumba zote za mfano zina mwanya kama huu, na vijiji vingine vitaiga mfano, basi mianya yetu ikiunganishwa itaanza Kidete ipite Lumuma hadi mpakani, na adui akiamua kupita kwa tumbo hatutakuwa na la kumwambia. Isitoshe, mwanya huu unakula vifungo vya wakulima na haujashika jembe hata siku moja. Kama huyo si mnyonyaji, sijui tunamtafuta nani. Ujamaa nimeupokea kwa mikono miwili: ardhi ni yetu sote, trekta likija ni letu sote. Lakini sijasoma mahali popote kwamba mkoromo nao ni mali ya umma.

Kwa hiyo naomba Kamati itoe amri ya kuuziba mwanya huu rasmi. Nikiuziba mimi, ni dharau. Ukizibwa na Kamati, ni maendeleo, na hakuna mama mkwe anayenunia maendeleo. Kama mbao hazipo, basi naomba muwe mnamleta mgambo kila jioni asimame katikati ya nyumba akohoe ninapozungumza na mke wangu.

Msalimie mama watoto, wasalimie watoto, na wanakamati wote, pamoja na yule aliyesema kikaoni kwamba mwanya ni wa kupitisha hewa. Yeye mama mkwe wake yuko Morogoro.

Ndimi, mkazi wako mtiifu mwenye nundu,
Yeremia Lukasi

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kuletwa kwa sababu homa ilinikamata nikiwa naikunja. Raheli alikuwa shambani. Nikalala chini kwenye saruji nikitetemeka, nikaona vidole vinapenya chini ya skatingi, vikasukuma vidonge vya klorokwini vilivyofungwa kwenye kipande cha khanga. Ikafuata sauti: "Baba, meza. Mimi sikuoni."

Nikasema, "Shikamoo, mama."

Akasema, "Marahaba."

Ndugu Mwenyekiti, nimemwoa binti yake miaka kumi na minane, na sikuwahi kuitikiwa marahaba na mama huyu. Nililia, na sioni haya kukuandikia. Tukaongea mpaka homa ikashuka, yeye akitazama ukuta wake na mimi wangu. Mkeka ameukunjua. Sasa tunaongea kila alasiri, na Raheli ananung'unika kwamba hapati nafasi ya kuingiza neno.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute. Mtume Kasian, lakini asije na ubao, aje na msumeno auongeze mwanya kidogo. Mama anasema kipimo kiwe bakuli la uji likiwa limejaa. Mimi nimekubali.