Darasa la Pili la Gereji ya Mzee Talal Linalalamika

Buyenzi, Bujumbura
14 Mei 2001

Kwa Bwana Mkuu wa Idara ya Mawasiliano

Bwana Mkuu,

Salamu kwanza, kwa sababu mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua inayoanza na hasira husomwa nusu. Mimi ni Namegabe, mtu wa Walungu, ng'ambo ya mpaka. Nanyoosha bodi za magari yaliyogongwa katika gereji ya Mzee Talal. Pia ni mwanafunzi wa darasa la pili, na nakuandikia kwa cheo hicho.

Binti ya Mzee Talal, Sheikha, anasoma mawasiliano kwako huku akijiandaa kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wenzake walikwenda kufanya staji, yaani mazoezi ya kazi, redioni. Yeye aliomba darasa. Mkamkubalia, mkampa saa arobaini za kufundisha. Lakini shule aliyopangiwa, kule Nyakabiga, imejaa watu waliokimbia vita. Wanalala madarasani, na madawati yamekwisha kuwa kuni. Basi akatufundisha sisi mafundi wa baba yake, kila siku wenzetu wakitoka sala ya adhuhuri, ubao ukiwa boneti ya lori tuliyoipaka rangi nyeusi. Saa arobaini zikatimia. Kisha ukamtuma Bwana Sylvère kukagua, na sasa umemwandikia Sheikha kwamba hata saa moja haihesabiwi, kwa kuwa alidanganya umri wa wanafunzi. Zisipohesabiwa kabla ya mwezi huu kwisha, atarudia mwaka.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakudanganya. Orodha ya wanafunzi mliyoitaka tuliijaza wenyewe, kama zoezi la kuandika, na bahasha tuliifunga wenyewe, maana siku hiyo somo lilikuwa bahasha. Palipoandikwa "Umri wa mwanafunzi" nilifikiri sana. Mimi nina miaka arobaini na moja, lakini hiyo ni ya mnyoosha bodi. Mwanafunzi aliacha shule akiwa na miaka tisa, akapelekwa kuchunga, na tangu hapo hakuongezeka hata siku moja. Nikaandika tisa. Massoudi, fundi wa umeme, akaandika saba. Aloys wa matairi hakuwahi kuingia shule, akatuuliza aandike nini. Tukashauriana kwa haki, akaandika sifuri.

2. Bwana Sylvère hakusalimia. Alitukuta tumeketi juu ya matairi, akainama kutafuta watoto chini ya magari. Halafu akasoma orodha yake, akauliza, "Yuko wapi huyu Aloys wa miaka sifuri?" Aloys akasimama na ndevu zake zote, akajibu kama alivyofundishwa: "Niko hapa, mwalimu." Bwana Sylvère akafunga faili na kuondoka bila neno. Sisi tumefundishwa kwamba ujumbe una mtoaji na mpokeaji, na mpokeaji hurudisha jibu. Yeye alifundishwa na nani?

3. Unasema sisi si watoto. Naomba ushahidi. Massoudi hulia akikosa hesabu, na husema ni moshi. Vainqueur, mpaka rangi, aliiba chaki tatu. Aloys aliumwa tumbo siku ya imla, akaonekana kwa muuza maandazi. Mimi nimesimamishwa kwenye kona mara mbili, na mara ya pili sikuwa na kosa, na bado sijasahau. Mtoto gani wa Nyakabiga amefanya zaidi?

4. Siku moja tuliambiwa tutaje kelele zinazozuia ujumbe usifike. Vainqueur akataja nyundo za gereji ya jirani. Massoudi akamtaja mama mkwe wake. Aloys akataja mizinga, kwa sababu wakati huohuo ilikuwa ikilia kule juu ya Kamenge. Sheikha akaandika zote tatu ubaoni, akatuambia tulale chini, tukalala. Ilipopungua akatuuliza nne mara saba. Wale wa redioni, nimesikia, siku hiyo waliweka muziki.

5. Ikiwa yale hayakuwa masomo, basi tulifanyiwa nini? Idara iturudishie usingizi wetu wa mchana wa siku arobaini. Tena ije itoe vichwani mwetu vitu tulivyoingiziwa bila kibali chako. Miaka sita nilipita kwa amani mbele ya kibao cha gereji yetu. Sasa nakisoma: "Kazi Safi, Tena Haraka." Mteja akikinyooshea kidole sina pa kujificha. Vainqueur naye amesoma fulana aliyovaa tangu alipokimbia kutoka Uvira, akakuta imeandikwa "Chama cha Akina Mama Wanaonyonyesha." Nani atamrudishia heshima yake?

6. Kwa hiyo chagua. Hesabu saa arobaini zote, au mtume Bwana Sylvère na kitambaa kilicholowa, atufute kichwa kimoja kimoja. Tutapanga mstari. Kupanga mstari pia tumefundishwa.

Wasalimie walimu wote wa idara, vijana wa redioni, na mlinzi wa lango lenu aliyenizuia kuingia na ovaroli. Bwana Sylvère naye msalimie, yeye aliyetunyima salamu.

Ni mimi, mwenye heshima na mafuta ya gari mikononi,

Namegabe
Tairi la tatu kutoka mbele

N.B. Nimewasomea wenzangu barua hii, wakapiga makofi. Kisha Massoudi akauliza, "Wakimuhesabia zile saa, si atatuacha, aende kwa batoto ba kweli?" Bwana Mkuu, hilo hatukulifikiria. Tuko ukurasa wa thelathini na nane, kitabu kina sitini na nne, na kugawanya hatujakugusa. Basi naomba ukatae kidogo tu. Mwambie kweli amekosa, na adhabu yake ni kurudia saa arobaini, hapa hapa, kwa wanafunzi wale wale. Akishazimaliza, hata kama mwezi utakuwa umekwisha, mpe cheti siku hiyo hiyo. Ila asijue kwamba adhabu tumemwombea sisi.