Wiki Moja kwa Mshahara wa Hispania

Jumapili, 17 Februari 2013

Baba Mkubwa Hasanali ameandika kutoka Hispania. Ana duka la kofia, taulo na masanduku ya safari kando ya bahari, karibu na Malaga. Sasa anafungua la pili, na anamtaka Baba akalisimamie. Jibu alipate kabla ya Jumatatu ijayo. La sivyo atamweka mkwewe, ambaye hesabu hajui ila sauti anayo.

Mshahara ni mdogo. Mama alisema kwa mshahara huo tutakula mchanga, na kwa kuwa mchanga wa pwani una chumvi tayari, tutaokoa hela ya chumvi. Baba alisema kule maisha ni rahisi. Dada Hina alisema yuko mwaka wa mwisho chuoni na hahami tena. Kuhama Dar kulimtosha. Nanima, mama yake Mama, aliuliza kama nyumba za kule zina lifti.

Mimi nataka twende. Duka la Baba Mkubwa hufungwa mchana ili watu wakale nyumbani kwao. Hapa Kanada Baba, ambaye Dar alikuwa mhasibu, anapakia mizigo ya ndege huko Malton, zamu ya usiku. Tukienda shule amelala. Tukirudi anafunga kamba za viatu. Siku za kazi namjua zaidi kwa viatu hivyo kuliko kwa uso.

Nikapendekeza jaribio. Wiki nzima, sisi wa Etobicoke, Toronto, tuishi kwa mshahara wa Hispania. Kodi na nauli tuziache kando, maana mwenye jengo letu hajali bei za Malaga. Chakula tu. Mwalimu alinipa alama zote kwa bajeti ya familia ya kubuni. Familia ile haikunisumbua hata kidogo.

Baba alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema tukifika Jumapili bila kuzidisha, atampigia kaka yake na kusema ndiyo.

Mimi ndiye mhazini! Nina bahasha yenye dola themanini. Hina alinipa mkono, akaniita waziri wa njaa.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili. Hina anakielewa akisemeshwa, ila kukisoma anaona kazi. Ni usalama wa kutosha.

Jumatatu, 18 Februari

Sikukuu ya Familia, shule imefungwa. Nimekwenda dukani na Mama.

Msimamo wangu: tule kama wanavyokula kule. Tovuti ya wageni waliohamia pwani ya Hispania inasema nyanya, machungwa, dagaa wa kopo na mafuta ya zeituni ni bei ya chini kabisa. Haikusema kwamba ni bei ya chini ukiwa kule. Nyanya za Toronto za mwezi wa pili zina bei ya dhahabu na ladha ya karatasi. Nilinunua. Nikaongeza chupa ya mafuta ya zeituni yaliyotoka Hispania kweli. Ghali mno! Lakini jaribio bila zeituni si jaribio.

Chakula cha jioni, dagaa na mkate. Mama alisema hiki ni chakula cha baharia aliyepotea. Baba alikula akiwa amesimama, akaondoka.

Kabla ya kulala nikakuta chupa imepungua nusu. Nanima ameyachua magoti. Alisema tangu tufike Kanada magoti yake hayajapata kuheshimiwa namna hii. Nilitaka kuyaandika mafuta hayo kwenye fungu la dawa. Mama aliuliza dawa kule hulipwa kwa mshahara wa nani.

Bahasha imebaki nusu. Na Jumanne bado.

Jumanne, 19 Februari

Kwa bahati nzuri, Bi Mehrunissa wa ghorofa ya kumi na nne ana mafua.

Nanima alimpelekea bakuli la mbaazi za nazi. Mbaazi hazina gharama; tuna mfuko mkubwa tulionunua mwaka jana, na makopo ya tui yamejaa kabatini. Bakuli likarudi jioni. Ndani, kuku paka, yule wa tui la nazi! Karibu kuku mzima, na mafua yake yale.

Nanima hakushangaa. Alisema chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, kwani sisi tumelelewa wapi?

Nilikaa nikilitazama bakuli. Mbaazi ziliondoka, kuku akarudi. Hakuna benki inayotoa riba hiyo.

Jumatano, 20 Februari

Mpango umeanza. Mabakuli sita, familia sita za jengo hili, zote watu wa kwetu. Nilimwambia Nanima ni vizuri kuwakumbuka majirani. Alinibusu kwenye paji la uso. Nilijisikia vibaya, lakini si kiasi cha kuacha.

Wengi walipokea wakashukuru. Bi Kanizfatema wa ghorofa ya tisa alifunua kifuniko, akanifunua na mimi kwa macho. Habari ikimfikia huyu mama, inafika mji wa Pickering kabla ya treni. Aliuliza kuna nini. Nilisema hakuna kitu. Alisema watu hawagawi chakula jengo zima siku ya Jumatano bila jambo, yeye hakuzaliwa jana. Halafu akauliza Hina anamaliza chuo lini. Nilisema mwezi wa sita.

“Ahaa! Kwa hiyo lipo jambo?”

Sikutaka kuitaja bajeti. Bajeti ni siri ya nyumba. Nilitabasamu tu.

Akanishika shavu. Alisema basi, mwanangu, ameshaelewa, na hamwambii mtu. Nilimshukuru sana. Mtu wa kutunza siri ni adimu siku hizi.

Alhamisi, 21 Februari

Mapato! Pilau ya ghorofa ya tatu. Samaki wa kupaka wa ghorofa ya kumi na moja. Sambusa. Kalimati. Bahasha leo haikuguswa. Hina, adui mkuu wa jaribio, alikula sambusa kwa ukimya wa mtu anayeshindwa. Baba alibeba pilau kazini, na kabla ya kutoka alinipiga begani kidogo. Aliniita mhasibu mwenzake.

Kila aliyeleta chombo alisema hongera. Nilidhani wamesikia habari za bajeti.

Tatizo moja. Kila mama alirudisha bakuli letu limejaa, akaweka na sahani yake juu. Sasa meza ya jikoni imejaa vyombo vya watu. Nanima alisema vyote vitarudi na kitu ndani. Nilimwuliza na kitu gani. Alisema asiulizwe yeye, aulizwe aliyewakumbuka majirani.

Ijumaa, 22 Februari

Jioni tulikwenda jamatkhana, kwenye ibada. Mahali pa kuvulia viatu, wanawake wawili walimkumbatia Mama wakampongeza. Mama hakujua anapongezwa kwa lipi. Ili asiwaaibishe, alisema ahsanteni.

Ikawa habari imethibitishwa.

Bi Mehrunissa, ambaye mafua yamepona ghafla, alimlaumu hadharani. Amfiche yeye? Yeye aliyempikia kuku akiwa kitandani? Tulipofika kwenye gari, Hina alikuwa na mchumba. Daktari wa meno. Wa Pickering. Nyumba yake mwenyewe, gereji ya magari mawili.

Hina aliuliza ni nani anayeolewa. Mama aligeuka taratibu kutoka kiti cha mbele, akaniuliza Jumatano nilimwambia nini Bi Kanizfatema. Nilisema sikumwambia kitu, na ni kweli.

Hina aliniita majina ya Kiingereza ambayo sitayaandika. Baada ya kutulia alisema kama nilikuwa nazua, ningalimzulia angalau daktari wa moyo.

Jumamosi, 23 Februari

Wageni wa kutupongeza.

Mama alitaka kupiga simu mapema kukanusha. Nanima alikataa. Alisema mgeni aliyekwisha kupanda lifti harudishwi kwa simu. Ale kwanza; ukweli atakunywa na chai.

Bahasha iliisha kabla ya saa nne. Nyama ya mbuzi, mchele, maziwa, sukari, maziwa tena. Ikafuata pochi ya Mama. Ikafuata leso ya Nanima, ile yenye fundo. Nilisimama mlangoni nikiwaomba wageni wavue viatu, na moyoni nikiwaomba wasiwe na njaa.

Baba hana zamu Jumamosi, hulala hadi jioni. Leo aliamshwa na kelele. Alitoka na nguo za kulalia, akakuta sebule imejaa wanaume wanaompa mkono. Aliupokea kila mkono. Kisha akaenda kunawa uso, akavaa shati, akarudi kuketi.

Baada ya chai Nanima aliweka kikombe chini, akatangaza kwamba mchumba hayupo, hakuwapo, na zile mbaazi zilikuwa mbaazi tu. Bi Kanizfatema alisema yeye alijua tangu mwanzo. Bi Mehrunissa alimgeukia Hina, akauliza kwa hiyo nafasi bado iko wazi? Ana mpwa wake. Si daktari wa meno, lakini meno anayo yote. Hina alicheka hadi akamwaga chai. Chai yenye maziwa.

Hakuna aliyeondoka. Walikaa hadi giza. Baba aliwasimulia mambo ya ofisini Dar, wakapiga makofi. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake huanza kama kikohozi. Alikula mchana na sisi sote, akala tena jioni. Mara mbili aliniita nikae karibu yake. Sikuweza. Nilikuwa nikihesabu vikombe, matumizi yasije yakapotea.

Jumapili, 24 Februari

Hukumu.

Nilisoma hesabu mezani. Tumezidisha mara tatu. Baba alisikiliza kama mhasibu, mikono imefungwa. Alisema sikukosea popote katika kujumlisha. Nilifurahi. Nikapata ujasiri, nikaomba Jumamosi iondolewe kwenye hesabu, ichukuliwe kama ajali, mfano wa dhoruba ya theluji. Baba alisema Jumamosi si ajali, huja kila wiki.

Halafu akachukua simu. Bado nilikuwa na matumaini. Huwa anabadilisha mawazo akisikia sauti ya kaka yake.

Alimwambia, “Kaka, mshahara wako unawatosha watu watano. Shida ni kwamba sisi ni watu watano na ghorofa kumi na nne.” Nilisikia Baba Mkubwa akicheka upande wa pili. Baba naye akacheka. Kisha akasema hapana, kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Nilikwenda jikoni kuosha vyombo vya watu. Hakuna aliyenituma. Baba alikuja akachukua kitambaa akawa anavifuta. Hakunipa mawaidha. Alisema mume wa Bi Kanizfatema alimnong’oneza jana kwamba ghala lao linatafuta mtu wa hesabu, kazi ya mchana. Ataenda kuonana nao Jumanne. Aliniuliza anyooshewe shati jeupe au la bluu. Nilisema la bluu. Habari hii haihusiani na bajeti, nimeiandika kwa sababu ukurasa ulikuwa na nafasi.

Sasa nimechunguza kosa lilikuwa wapi. Mbaazi hazikuwa na kosa. Tabasamu pia halikuwa na kosa. Kosa ni nchi. Nilianza na Hispania bila kulinganisha.

Usiku huu nimetazama ramani. Ureno iko pale pale jirani, ina bahari, na tovuti yake inasema dagaa ni wa bei ya chini zaidi. Kesho nitamwomba Baba bahasha nyingine.

Ureno hatuna ndugu wala jirani hata mmoja. Hiyo peke yake ni akiba.