Kipimo cha Kubanduka

"Wananchi wote mnatangaziwa kwamba kuanzia leo ukuta ni ukuta."

Tangazo hilo la Idara ya Nyuso za Ndani za Majengo ya Umma lilisomwa redioni asubuhi, likarudiwa jioni kwa faida ya wale ambao asubuhi hawakuamini masikio yao. Mkurugenzi wa Idara alilitunga mwenyewe, na alikuwa na haki ya kujivunia. Nchi nyingi zina kuta, lakini ni chache zilizowahi kulisema jambo hilo waziwazi.

Mkaguzi wa Kuta alilipokea kwa moyo mkunjufu, maana lilikubaliana na maisha yake. Kwa miaka mingi alikuwa akipita katika nyumba za serikali na kipande cha mbao kilichopakwa rangi iitwayo Krimu Rasmi. Alikiegemeza ukutani, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Rangi zikilingana, alisema, "Vema." Zisipolingana, alisema, "Mh." Wapangaji waliiogopa sana ile "Mh". Mtaani walimwita Bwana Ukuta, naye aliamini kwamba ni kwa heshima.

Kilichosababisha tangazo ni nguo. Katika jengo la nyuma ya soko, mpangaji mmoja wa chini, mama wa makamo aliyefiwa na mumewe, alichemsha wanga mzito kama ule wa kukazia kola za mashati. Akaupaka ukutani kwa brashi, akalaza juu yake kitambaa cha buluu chenye maua meupe, akakipapasa kwa kiganja kutoka juu hadi chini. Wanga ulipokauka, kitambaa kikashika. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alikiona, akasahau chumvi, akarudi kwake kutafuta shuka. Haukupita muda mrefu, jengo zima likawa limevaa. Mwalimu wa hesabu alivika miraba. Kinyozi alivika michirizi ya pundamilia. Mzee mmoja wa ghorofa ya juu, asiye na kitambaa chochote cha akiba, alibandika suti yake ya harusi, koti upande huu wa mlango na suruali upande ule, na akasema kwamba angalau sasa inaonekana.

Huyo mama aliyeanzisha yote hayo alikuwa mama mkwe wa Mkaguzi.

Idara iliitisha kikao cha dharura, na kikao kikakaa mpaka chai ikaisha. Afisa Rangi alieleza kwamba suala hilo halimhusu, kwa kuwa kitambaa si rangi. Afisa Mapazia naye akasema pazia lisilo na dirisha si pazia, ni nguo iliyopotea njia.

"Hapo muwe waangalifu," alionya Mwanasheria wa Idara. "Tukisema ni nguo, tutaulizwa kuta zilikuwa zimevaa nini kabla. Tukijibu hazikuvaa kitu, basi ni sisi tulioziacha uchi."

"Mbele za watoto," alisema Afisa Rangi kwa huzuni. "Miaka yote hii."

Ni Mkurugenzi aliyewatoa gizani, kwa sababu alikuwa na uzoefu. Yeye aliishi katika nyumba ya serikali yenye bustani, na sebuleni kwake alikuwa amebandika karatasi za ukutani zenye mistari ya dhahabu. Karatasi hizo hazikuvunja kanuni yoyote, maana zilikuwa za Mkurugenzi. Lakini aliikumbuka vizuri gundi yake. Fundi aliyezibandika nusura abaki naye ukutani.

"Kilichobandikwa hakibanduki hivihivi," alisema. "Kikibanduka, kinaondoka na nyama. Kwa hiyo tutapima. Kitambaa kibanduliwe mbele ya Idara. Ukuta ukibaki mzima, mpangaji hana kosa. Ukuta ukiumia, mpangaji ahame. Mpangaji yeyote, bila kujali cheo."

Maneno ya mwisho aliyaongeza kwa sababu ya utamu wake, maana hotuba haiwezi kuishia hewani. Wajumbe walipiga makofi, na utaratibu huo ukaandikwa neno kwa neno katika waraka, ukapewa jina la Kipimo cha Kubanduka.

"Tuanze na aliyeanzisha," alisema Mkurugenzi. "Ni nani huyo?"

Mkaguzi alisimama. "Ni mama mkwe wangu, mkuu."

Afisa Mapazia, ambaye naye ana mama mkwe, aliinamisha kichwa.

"Sheria ni msumeno, Mkaguzi."

"Ndiyo, mkuu."

"Nitamwalika Katibu Mkuu wa Wizara aje ashuhudie."

Mkaguzi hakuwa mwoga, ila alijua nyumba yake ilivyo. Ilikuwa na chumba na sebule. Mama mkwe akifukuzwa hangelala barabarani. Angekuja kwa binti yake, na binti yake ndiye mke wa Mkaguzi. Angelala sebuleni, na sebule ndiyo njia ya kwenda bafuni. Mkaguzi alijiona akipita hapo alfajiri amejifunga taulo, mbele ya mama mkwe wake, kila alfajiri ya Mungu, mpaka atakapostaafu. Alitokwa jasho.

Nyumbani habari zilikuwa zimetangulia.

"Nasikia unakwenda kumvua mama yangu ukuta," alisema mkewe.

"Ni kipimo tu, mke wangu. Mimi natekeleza waraka."

"Haya. Basi waraka utakupikia."

Na kweli jikoni palikuwa baridi. Mkaguzi alikula mkate mkavu akiwa amesimama, kisha akaamua kwenda kumwona mama mkwe wake kabla mambo hayajaharibika zaidi. Alibisha hodi, akavua viatu, akaangalia sakafu kama ilivyo adabu.

"Karibu, baba," alisema mama mkwe. "Umekuja kama mkwe au kama serikali?"

"Kama mkwe, Mama. Serikali inakuja kesho."

"Basi wewe kaa. Hiyo ya kesho itasimama."

Akamimina chai. Mkaguzi alipoinua macho aliyakuta yale maua meupe yamemzunguka pande zote, na ilimbidi akiri moyoni kwamba hakuwahi kukaa katika chumba cha serikali akasahau kuwa ni cha serikali. Hilo lilimtia wasiwasi kikazi.

"Mama, nikuulize bila ubaya. Krimu ilikukosea nini?"

Mama mkwe alichukua kijiko. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Marehemu alilazwa wodi ya krimu," alisema hatimaye. "Alipofariki nikaanza kufuatilia karatasi zake. Korido ya krimu, benchi ya krimu, dirisha la krimu, njoo kesho, njoo wiki ijayo. Nikirudi nyumbani, krimu. Ikafika mahali, baba, nikiamka asubuhi nadhani nasubiri kuitwa."

Mkaguzi aliukazia macho ule ukuta. Alikumbuka siku alipouegemezea kibao chake akasema "Vema". Aliona aibu, tena aibu isiyo na kifungu cha kuifutia.

"Lakini kitabanduka?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kesho, mbele ya watu?"

"Wanga si gundi, baba. Kwani shati lako likinyeshewa, kola inabaki imesimama?"

Mkaguzi alitaka kuamini. Hata hivyo alilala vibaya, kwa njaa na kwa mawazo.

Siku ya kipimo ngazi za jengo zilijaa wapangaji, kila mmoja akijua kwamba ukuta wa chini ukiumia, wake ndio unaofuata. Yule mzee wa suti alikuwa tayari amefunga mizigo. Katibu Mkuu alikuja, mwanamke wa maneno machache na viatu vya chini. Mkurugenzi alitoa hotuba kuhusu ngozi ya taifa. Kisha Mkaguzi akaingia na beseni la maji ya vuguvugu na sponji, akapiga magoti pembeni ya ukuta. Alikuwa hajawahi kuomba dua kwa ajili ya ukuta, na hakujua aanzie wapi.

Alilowesha kona. Akangoja. Akavuta.

Kitambaa kilikuja. Kilikuja polepole, chote, bila kelele, kama nguo inayoanuliwa kwenye kamba. Nyuma yake ukuta ulikuwa vilevile alivyouacha, hauna doa wala mkwaruzo. Mkaguzi akaegemeza kibao chake, akarudi nyuma, akafumba jicho.

"Vema," alisema.

Kwenye ngazi watu wakashusha pumzi. Mama mkwe alikichukua kitambaa, akakikamua mlangoni, akakitandika juu ya kiti. "Nikirudishe sasa," aliuliza, "au bado mna hotuba?"

Mkurugenzi hakupenda alivyotazamwa na Katibu Mkuu. "Kipimo kimoja si kipimo," alisema. "Mwongozo wa Idara uko wazi. Matokeo yote lazima yalinganishwe na ukuta wa kielelezo. Bila hivyo hayana nguvu. Mkaguzi, ukuta wa kielelezo uko wapi?"

Mkaguzi aliujua mwongozo kwa moyo. Ukuta wa kielelezo ulichaguliwa zamani, mwaka ambao Idara ilitaka picha nzuri ya kalenda.

"Ni wa sebuleni kwako, mkuu."

Mkurugenzi alianza kukunja karatasi ya hotuba yake.

"Ni mbali?" aliuliza Katibu Mkuu.

"Hapo nyuma tu, mheshimiwa. Penye bustani."

"Twende kabla maji hayajapoa."

Wakaenda wote, Mkaguzi mbele na beseni lake, akitembea kwa uangalifu asimwage. Isije ikadhaniwa kwamba alikuwa na kinyongo. Alikuwa na utaratibu, na utaratibu ulikuwa haujaisha.

Mke wa Mkurugenzi aliwafungulia mlango akiwa na upawa mkononi. Mkurugenzi alipendekeza waanze na juisi. Katibu Mkuu alipendekeza waanze na ukuta. Mkaguzi alilowesha kona ya karatasi ya dhahabu, akangoja. Akalowesha tena. Karatasi haikutikisika, na Mkurugenzi akaanza kupata rangi usoni.

"Mnaona?" alisema. "Imara kabisa."

"Hatupimi uimara, mkuu," alisema Mkaguzi kwa upole, kwa sababu istilahi zina umuhimu wake. Akavuta.

Karatasi ilikuja na rangi. Rangi ikaja na plasta. Plasta ikaja na plasta nyingine iliyokuwa juu, ambayo hakuna mtu aliyeigusa, ikaangukia sinia la juisi. Mkaguzi aliacha kuvuta, lakini ukuta haukuacha kuanguka mpaka matofali yakaonekana, na waya mmoja wa umeme ambao hakuna aliyejua unakwenda wapi. Vumbi lilipotulia, Mkaguzi, kwa mazoea tu, aliegemeza kibao chake kwenye matofali, akarudi nyuma, akafumba jicho.

"Mh," alisema.

"Mpangaji wa nyumba hii ni nani?" aliuliza Katibu Mkuu.

Watu wote waliangalia bustani. Maua yalikuwa mazuri.

"Na waraka unasemaje?"

Mkaguzi akautoa mfukoni, akausoma wote, mpaka yale maneno matamu ya mwisho.

Mkurugenzi hakunyang'anywa cheo. Katibu Mkuu alisema mtu aliyeandika waraka unaofanya kazi vizuri namna ile hafai kupotezwa. Alihamishwa nyumba tu, na nyumba pekee iliyokuwa wazi ilikuwa jengo la nyuma ya soko, mlango wa pili kutoka ngazini, ukuta kwa ukuta na mama mkwe wa Mkaguzi. Vitambaa vikaruhusiwa. Ili heshima ya Idara isiporomoke nayo, Mkurugenzi aliongeza kwa mkono wake kwamba ukuta hauvikwi ila kwa kibali, na kibali hakitolewi ila na Mkurugenzi mwenyewe. Wapangaji wa zamani walipewa vyao siku hiyohiyo. Alisaini pundamilia wa kinyozi bila kuinua kichwa, na ilipofika zamu ya ile suti ya harusi, alisaini koti na suruali kila kimoja peke yake.

Jumapili moja Mkaguzi na mkewe walikwenda kumsalimia mama. Maua meupe yalikuwa yamerudi ukutani. Mkewe alikuwa ameanza tena kupika, na Mkaguzi alikuwa ameshiba, amekaa vizuri, anasikiliza mazungumzo ya wanawake bila kutakiwa kuchangia. Kuta za serikali ni nyembamba. Kwa hiyo sauti ya mke wa Mkurugenzi ilipopanda upande wa pili, waliisikia kama vile amekaa nao.

"Mwezi mzima kile kitambaa kinazeeka kwenye mfuko, na mimi naangalia krimu. Ombi letu limefikia wapi?"

"Liko ofisini," alijibu Mkurugenzi.

"Si unafanya kazi hukohuko?"

"Ndiyo maana. Siwezi kuruka foleni, watu watasema napendelea."

"Sasa wamesemaje?"

Mkurugenzi alikohoa. "Limerudishwa. Wamesema lina upungufu, tupeleke upya wiki ijayo."

"Nani kalirudisha?"

Mama mkwe aliacha kumimina chai. Upande wa pili kiti kilisogezwa, kikasogezwa tena.

"Mimi," alisema Mkurugenzi.