Betri ya Evod na Bambo la Bi Asmahani

Gari jekundu la Bi Asmahani lilipokata roho katikati ya sakafu ya kuanikia mpunga, watazamaji wote wa Kibaoni waliona gari la rimoti lililoishiwa chaji. Evod peke yake aliona gunia la mchele.

Na gunia alilihitaji kweli. Kule Mang'ula, mbele ya ukoo mzima wa mchumba wake Agnella, alikuwa amesimama, akajipiga kifua, akatangaza kwamba mchele wa harusi ni juu yake. Hakuna aliyemlazimisha. Mdomo wa Evod ulizoea kutangulia safari, miguu ikafuata nyuma kwa aibu. Sasa mambo yalikuwa wazi: hakuna mchele, hakuna Agnella.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umetumwa na Salimu kunicheka, geuza."

Salimu wa duka la mabati ndiye aliyekuwa amemshinda katika mbio hizo za magari ya rimoti, na Salimu hakujua kushinda kimya kimya. Wakati huohuo alikuwa akiizunguka sakafu huku anapiga honi kwa mdomo.

"Mimi fundi, mama. Naunda betri kwa vipimo vya gari, kama fundi cherehani na suti. Gari lako ni zima. Ila hiyo betri ya dukani! Ni sawa na kumnywesha kuli uji mwepesi halafu umtwishe gunia."

Bi Asmahani, mwenye mashine ya kukoboa na makuli wengi, aliuelewa mfano huo papo hapo. "Njoo nayo kesho. Nikiona itamwacha Salimu, gunia la mchele lako."

Tumtendee haki Evod: betri alikuwa nayo. Aliiunda kwa seli za laptopu zilizokufa, akizipima moja moja hadi akapata chache zenye uhai, akaziunganisha kwa vipande vya nikeli na kuzivika plastiki ya buluu. Ilikuwa kali kama pilipili. Ubaya ni kwamba ilikuwa moja tu duniani, na ndiyo iliyomlisha. Kila mteja alionyeshwa hiyo, akauziwa pacha wake: plastiki ileile ya buluu, na ndani vikopo vilivyoshindiliwa pumba za mpunga na mchanga kidogo wa kuongeza uzito. Pumba za safari hii alizichota asubuhi nyuma ya mashine ya Bi Asmahani mwenyewe, huku kuli mmoja akimtazama. Alipenda kuunga mkono wafanyabiashara wa karibu.

Kesho yake jaribio lilikwenda kama harusi. Gari jekundu liliruka, likamkosakosa kuku, likamfukuza kuli mmoja hadi juu ya magunia.

"Ngoja niifunge vizuri, mama," alisema Evod. Mkono ukaingia mkobani na betri, ukatoka na pacha.

Bi Asmahani akaipokea, akaigeuza, kisha akachomoa kiunoni bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji anachochomea magunia ili aone kilichomo.

"Mama! Unafanya nini?"

"Kitu kilichofungwa sinunui bila kuchoma."

"Lakini betri ikichomwa inalipuka moto!"

"Ikiwaka, nitajua ni nzima, na gunia nakupa vilevile. Isipowaka..." Akawatazama makuli. Makuli wakaweka vikombe vya chai chini.

Evod hakuwahi kufikiri haraka namna ile hata shuleni, hasa shuleni. "Basi nipe niifute vumbi, isije ikaharibu bambo lako." Mkono ukaingia, ukatoka na betri ya kweli. Aliikabidhi kama mtu anayemsindikiza mtoto bweni.

Bambo likasogea hadi kwenye plastiki. Likasimama. Bi Asmahani hakuwa akiitazama betri. Alikuwa akimtazama Evod.

"Ile ya kwanza uliogopa kwa mdomo," alisema. "Hii unaogopa kwa macho." Akaipachika kwenye gari, likanguruma. "Nimeridhika. Gunia lako lile pale, limeshashonwa. Shika bambo nawe uchome."

"Aa, mama! Mimi na wewe tena?" Evod alishaanza kurudi kinyumenyume.

"Sawa, mwanangu. Nimekujazia unachokipenda."

Njia nzima kwenda Mang'ula, Evod aliimba juu ya pikipiki ya kukodi. Betri imekwenda, sawa, lakini mke amepatikana! Alipolibeba gunia kuingia uani kwa kina Agnella aliliona jepesi mno, akadhani ni nguvu za mapenzi.

Shangazi wakapiga vigelegele, wakakata uzi, wakamimina. Ulitoka mchele mweupe wa kupendeza, beseni moja. Baada ya hapo zikatoka pumba, zikaendelea kutoka, hadi shangazi mmoja akapiga chafya na kigelegele kikakatika.

Evod akainama kuficha uso. Mkoba ukafunguka, pacha wa buluu akaangukia jiwe, akapasuka, akamwaga pumba zake juu ya zile nyingine. Zilifanana kabisa. Zilitoka mashine moja.

Mama mkwe, ambaye kwa adabu haongei na mkwe ana kwa ana, alimgeukia Agnella, ingawa Evod alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

"Mwambie mwenzio kwamba harusi itasubiri mchele. Ila mwambie pia," akaongeza, akivuta gunia kuelekea bandani, "nguruwe wamempokea kwa mikono miwili."