Presha, Magoti na Chumvi ya Mama Chebet

Wenzangu tuliosoma pamoja, niliahidi kuwaandikia nikipona. Sijapona. Leo nimeaibika mbele ya laini nzima ya zahanati!

Mnajua nina presha. Miezi mitatu nimemeza dawa kila asubuhi, na presha inapanda tu. Nikatafuta mkosaji, nikampata jikoni. Nilisema mke wangu, Mama Chebet, ananitilia chumvi kisiri. Mama wa watu akaacha chumvi kabisa. Presha ikapanda. Nikahamia kula kwa ndugu yangu, ng'ambo ya shamba la chai. (Mzee mzima, sahani kwapani.)

Leo asubuhi nikampeleka Mama Chebet zahanati ili daktari amkanye.

Daktari akapima, akatikisa kichwa. "Mzee, imepanda tena. Kuna dawa nyingine unakunywa?"

"Hakuna!" nikasema kwa sauti, laini isikie. "Muulize huyu mambo ya chumvi."

Mama Chebet akaangalia viatu vyake.

Hapo jirani yangu Arap Langat akaita kutoka kwenye benchi: "Mzee, ukimaliza, nigawie ile brufeni yako ya magoti. Yangu imeisha!"

Daktari akanigeukia.

(Ni kweli. Mteremko wa chai umemaliza magoti yangu. Nimekuwa nikimeza mbili asubuhi, mbili jioni, na tukingojea lori la majani nawagawia wachumaji wenzangu. Lakini hizo ni za dukani! Kwangu mimi, dawa ni ile ya zahanati.)

"Toa," daktari akasema.

Nikatoa karatasi nzima ya vidonge kwenye koti.

"Hii inazuia maji na chumvi visitoke mwilini. Inapigana na dawa yangu ya presha, na wanaoumia ni figo zako."

"Daktari," Arap Langat akainuka, "hata mimi niko na presha!"

Wawili wengine wakainuka. Wote wagonjwa wangu wa brufeni.

Ndipo Mama Chebet akasema polepole, "Baba Chebet, kumbe chumvi ilikuwa kwa koti."

Benchi ilicheka hadi mtoto aliyedungwa sindano akasahau kulia.

Kosa ni langu, silipunguzi. Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya watu wale wale. Akasema atafikiria.

Jioni hii nimerudi nyumbani na sahani yangu. Mboga haikuwa na chumvi hata punje. Nikasema ni tamu sana, nikaomba niongezewe.